Jogoo, Mwambie Mama Atazame Nyayo

Siku daktari alipofungua kitambaa mguuni kwangu, waliokuwepo ni hawa, nawataja wote. Nesi Upendo, mzaliwa wa Puge, ndiye aliyeshika beseni. Consolata wa Ulyankulu, mgonjwa wa kitanda cha pili kutoka changu, alikuwa amekaa ananitazama. Yeye mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshakatwa chini ya goti. Mdogo wangu Nyamizi, baba mmoja mama mmoja, alikuwa amekuja na uji kwenye chupa ya chai. Daktari mwenyewe alikuwa kijana, jina lake Baraka, mpole. Na mlangoni, nusu nje nusu ndani, amegeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, alisimama Luhende, mume wa binti yangu Roda. Roda hakuwepo. Alikuwa Urambo kumuuguza binti yake aliyejifungua.

Daktari akatazama, akasema, "Bibi, kidole hiki cha pembeni kimeshakwenda. Tutakitoa. Mguu wenyewe bado naupigania, lakini siupiganii peke yangu. Ukirudi nyumbani ukaacha kuutazama, tutakutana hapa tena, na safari hiyo sitasema kidole."

Nyamizi akaanza kulia. Mimi nilikuwa namwangalia Consolata, na Consolata alikuwa anaangalia pale mguu wake ulipokuwa zamani.

Naitwa Milembe. Kwangu ni Sikonge, si mjini, ni ndani huko kwenye tumbaku na nyuki. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kusoma nilikumalizia kanisani, sisi ni Wamoravian, na bila kusoma huwezi kuimba. Haya nawaandikia wenzangu wenye sukari ambao miguu yao imeanza kufa ganzi. Ya kitaalamu waulizeni wataalamu. Mimi nasema ya nyumbani tu.

Kwanza mwelewe nilivyokuwa naishi. Mume wangu Yakobo alipofariki, mwanangu Samweli alikuwa kazini Mpanda, kwa hiyo Roda akanichukua kwake. Watu walicheka. Mama mkwe kuhamia kwa mkwe wake wa kiume! Kwetu, hasa kizazi changu, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Luhende, kwa heshima yake, alinijengea kijumba changu uani, akazungusha uzio wa matete katikati, ili mimi niwe upande wangu na yeye upande wake.

Roda akiwepo, maneno yetu yalipitia kwake. Roda akiwa shambani, yalipitia kwa jogoo. Msicheke. Ndivyo tulivyofanya. Luhende anasimama upande wake wa uzio anasema, "Wewe jogoo, mwambie mama kuna asali nimeiacha hapa." Na mimi nasema, "Jogoo, mwambie mwanangu ahsante, Mungu ambariki." Jogoo mwenyewe anaparua zake chini, hana habari. Heshima imekaa mahali pake na asali imefika.

Luhende ni mtu wa mizinga. Kila musimu akirudi kutoka porini, ndoo ya kwanza ilikuwa yangu. Hiyo asali itarudi kwenye hadithi.

Sukari niligunduliwa nayo miaka mingi kabla, nilipokuwa naamka kukojoa kila mara na macho yanaingia ukungu. Nikaambiwa acha sukari. Nikaacha. Sukari ya dukani haikuingia tena kijumbani kwangu, na nikienda kupima nilikuwa najibu kwa kujiamini kabisa, "Nimeacha." Vidonge nilikuwa nakunywa nikivikumbuka. Kukumbuka kwenyewe ndiko kulikuwa kwa bahati.

Halafu miguu ikaanza kupotea. Sijui niseme vipi. Ipo, unaiona, unaitembelea, lakini ni kama umeiazima. Nilikuwa navua kandambili njiani bila kujua, naendelea mguu mmoja una kiatu mmoja hauna, mpaka mtu aniambie.

Musimu wa kukausha tumbaku, Roda ameshaondoka kwenda Urambo, nilikwenda kukaa karibu na bani, lile banda la kukaushia, niwasaidie kina mama kufunga majani. Nilikuwa pekupeku. Nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikasema, "Jamani, angalieni moto, tumbaku inaungua!" Wakakimbia kuangalia. Tumbaku ilikuwa salama. Nikarudi zangu nyumbani, nikala, nikalala.

Kilichokuwa kinaungua ni mimi. Nilikanyaga kaa la moto, na mguu haukuniambia.

Siku zikapita. Nikaona shuka ina majimaji, nikadhani nimemwaga maji. Unyayo wangu sikuweza kuuona, nyonga hazikunjiki tena namna hiyo. Mwili ukawa mzito, homa ikaja ikaondoka, nikasema ni malaria. Mtu wa kuniangalia mguu hakuwepo. Aliyekuwepo ni mkwe wangu tu, na mama mkwe hamwonyeshi mkwe wake uso, sembuse miguu.

Asubuhi moja nikasikia hatua zake kwenye uzio. Nikasubiri amwite jogoo. Hakumwita.

"Mama," akasema.

Nilishtuka mpaka nikajifunika khanga kichwani. Tangu amuoe Roda hajawahi kuniita kwa mdomo wake.

"Mama, nisamehe. Kuna harufu upande wako."

Nilitafuta jogoo yuko wapi.

"Mzinga ukiharibika mimi naujua kabla sijaufungua," akasema. "Hii harufu ni ya kitu kinachooza, na si panya. Mama, naingia."

Akaingia. Uso kaugeuzia pembeni, anapapasa kama kipofu. Akachukua kitenge, akanifunika miguu yote miwili, akaifunga ndani yake bila kuitazama, akanibeba. Akanikalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaisukuma mpaka barabara kubwa, huku mkono mmoja umenishika mgongo nisianguke. Njia nzima hatukusema neno. Vumbi lilikuwa halijaanza, ilikuwa bado mvua mvua, matairi yanateleza. Pale barabarani tukapata gari la kwenda Tabora mjini, na ndivyo nilivyofika kwenye kile kitanda nilichoanza kuwaambia.

Nyamizi, ambaye hata msibani anafanya utani, alipoacha kulia siku ile alimgeukia Luhende mlangoni. "Mkwe, umemshika mama mkwe wako miguu! Mbuzi wa faini yuko wapi?"

Luhende akazidi kuutazama ukuta. Nikamjibu mimi. "Mwache. Nimerudishiwa mguu, mbuzi wa nini?"

Kidole wakakitoa. Nilikaa hospitali mpaka mvua zikakoma. Ninayoyakumbuka mengi ni ya kusubiri: kusubiri kupimwa, kusubiri sindano, kusubiri kufungwa kidonda. Benchi la kliniki lina joto la watu waliokaa kabla yako. Hapo ndipo Consolata alipokuwa mwalimu wangu. Wazazi wake walikuja na ukimbizi kutoka Burundi, yeye kazaliwa Ulyankulu, analima mahindi na anasali rozari hata akiwa kwenye foleni.

"Bibi Milembe," akaniambia siku moja, "mimi kwangu nina kioo kizuri kabisa. Kila Jumapili najitazama uso kabla ya misa. Uso huu! Una nini cha kutazama?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ningekiweka chini kile kioo. Kingekuwa chini, ningekuwa na mguu."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani, na nawapa na nyie.

Roda alikuwa amesharudi. Alinipokea kwa machozi na ukali pamoja, mnajua watoto wa kike walivyo. "Mama, kwa nini hukutuma mtu? Kwa nini hukusema?" Na siku tuliyorudi kliniki pamoja, Nesi Upendo akaniuliza asubuhi nakula nini.

"Uji."

"Una nini ndani?"

"Asali kidogo."

Wakatazamana yeye na Roda. "Bibi, si ulisema umeacha sukari?"

"Sukari nimeacha! Hiyo ni asali. Ni ya nyuki, haitoki dukani."

Kwetu asali ni dawa, mtoto akikohoa ni asali, mzazi akijifungua ni asali. Haikuwahi kuniingia akilini kwamba kwenye damu inakwenda kukaa kiti kilekile cha sukari. Upendo alicheka kwa upole, akanieleza. Lakini Roda hakucheka. Alipofika nyumbani alimshukia mumewe, nilisikia yote kupitia matete. "Ndoo kwa ndoo! Unampelekea mama yangu ndoo kwa ndoo! Umemlisha ugonjwa!"

Asubuhi yake Luhende alichukua baiskeli akaingia porini, na hakurudi mpaka Roda mwenyewe akaanza kutoka nje kila jioni kutazama njia. Nilimwambia binti yangu, "Aliyenipa asali ndiye aliyenusa mguu. Ukigombana na wa kwanza umegombana na wa pili." Akanuna. Usiku nilimsikia analia. Ugonjwa ukiingia kwenye nyumba haukai kwa mgonjwa tu, mjue.

Siku hizo Roda alinipangia mambo mengi kwa mara moja. Tembea. Usile michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Ugali kiasi hiki. Vidonge saa hii. Viatu. Mguu. Maji. "Mama, hiyo michembe!" Nikiupeleka mkono tu kwenye ungo, kelele. Wiki haikuisha, nikaacha yote. Nilikaa kitandani nikamwambia aniache nife na miguu yangu.

Niliporudi kufungwa kidonda, Upendo aliniona usoni. Akakaa pembeni yangu benchini. "Bibi, achana na hayo mengi. Niambie, ukiamka asubuhi unafanya nini ambacho hujawahi kuacha hata siku moja?"

Nikafikiri. "Nasali. Halafu nawafungulia kuku."

"Hata ukiumwa?"

"Kuku hawajui kama naumwa. Nisipowafungulia wanapiga kelele kijiji kizima."

"Basi tunaanzia kwa kuku."

Na kweli tulianzia kwa kuku. Vidonge vyangu nikaviweka ndani ya kopo la mtama wao, juu kabisa, kwenye mfuko wake mkavu. Siwezi kuchota mtama bila kuvigusa. Kuku wakishapata chao, napata uji wangu mtupu, nameza. Hicho kimoja tu. Sikuongeza kingine mpaka hicho kikawa hakiniulizi tena. Ndipo nikaongeza viatu: vinaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa changu, mguu haugusi sakafu kabla havijashushwa, na kabla ya kuvaa navikung'uta. Siku moja alidondoka nge. Nilimshukuru Upendo kwa sauti.

Likabaki la kutazama nyayo. Hilo ndilo mguu wenyewe ulikuwa unalitegemea, na ndilo lililonishinda. Roda anatoka kwenda shambani kukiwa bado giza, na unyayo hauonekani gizani. Kioo changu kilikuwa kidogo cha mkononi, nikikishika siwezi kuinua mguu, nikiinua mguu kioo kinaanguka.

Ndipo Luhende aliporudi. Tulikuwa kwenye kiangazi tayari, nyasi zimekauka. Nikasikia baiskeli, kisha sauti.

"Jogoo. Mwambie mama safari hii sikuleta asali."

Nikangoja.

"Mwambie nimeleta nta. Imeyeyushwa na mafuta. Ni ya kupaka visigino visipasuke. Niliuliza kwa nesi, kasema apake, ila si katikati ya vidole." Akakohoa. "Na kuna kitu kingine, kisimwangukie."

Alipoondoka nikatoka. Palikuwa na kopo la nta, lina harufu ya porini yote. Na pembeni, saitimira ya pikipiki, kioo kizuri kipana, ameifunga kwenye panda ya mti, panda ameichimbia kwenye kigogo kizito kama kile cha mzinga. Ukikiweka mbele ya kitanda kinakaa chenyewe. Unainua mguu kidogo tu, unyayo wote ule pale, unakutazama.

Nilikaa nikatazama unyayo wangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ulikuwa na sura ya mtu mwingine. Nikasema, "Jogoo, mwambie mwanangu ahsante," lakini alishakwenda.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla hajaenda kazini, anasimama kwenye uzio. Zamani salamu yake ilikuwa mwangaluka tu, ile ya kwetu ya asubuhi. Sasa akaiongezea. "Mwangaluka, jogoo. Mwambie mama atazame nyayo." Na mimi nafungua mlango jua liingie, natazama kisigino, natazama kidole kimoja kimoja na pale pasipo na kidole, nasafisha, nakausha, napaka nta. Kisha najibu, "Jogoo, mwambie miguu ipo." Haondoki mpaka ajibiwe. Salamu kwetu haiachwi bila jibu, na mimi hilo ndilo lililoniponya uvivu. Peke yangu ningeruka siku. Lakini utamwachaje mtu amesimama uzioni?

Miti ilipoanza kutoa majani mekundu kabla ya mvua, kidonda kikafunga. Sukari ikashuka. Roda akapunguza kelele, mpaka akaniruhusu michembe miwili mitatu na chai isiyo na kitu. Mvua zikaja, tumbaku ikapandwa, ikavunwa. Mimi bani sikusogea.

Kisha ukaja tena musimu wa asali, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Samweli alinitumia viatu vipya kutoka Mpanda, vyeusi, vya kufunga. Jumapili nikavivaa kanisani asubuhi mpaka mchana, kwa fahari. Jumatatu yake alfajiri wanaume walikuwa wanatoka kwenda kurina. Wanakwenda kundi, wanalala porini wiki nyingi, na anayebaki nyuma anakuta mizinga imeshaguswa na wengine au na wanyama. Asali ile ndiyo ada ya wajukuu na ndiyo bati la nyumba. Roda alishakwenda shambani. Baiskeli zilikuwa zimepangwa njiani, wenzake Luhende wanapiga kengele.

"Mwangaluka, jogoo. Mwambie mama atazame nyayo."

Nikatazama. Kwenye kisigino, upande wa nje, palikuwa pekundu, na katikati yake kijifuko cha maji. Hakikuuma. Kwangu hakuna kinachouma.

Nje mmoja wao, Shija, mwenye mdomo, akapaza sauti. "Luhende! Mkweo bado anajipamba kwenye kioo? Twende, jua linatoka!"

Wengine wakacheka. Neno "ipo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Nilijisemea, ni kadogo, Roda atakaona jioni, au kesho. Nikisema, anabaki. Nikinyamaza, anakwenda. Nikakumbuka lile kaa la moto, jinsi nilivyolala vizuri usiku ule. Nikamkumbuka Consolata anapotazama pale mguu wake ulipokuwa.

"Jogoo," nikasema. Jogoo alikuwa mbali, juu ya kichuguu. Nikaacha kumtafuta.

"Luhende, mwanangu. Njoo uone."

Kengele zikanyamaza. Luhende akaingia kwenye uzio taratibu, akavua kofia. Safari hii hakugeuza uso. Akachuchumaa mbele ya kile kioo alichonitengenezea, na mimi nikainua mguu wangu, mguu wa mama mkwe, nikauweka kwenye jua mbele ya mkwe wangu.

Akautazama muda. "Ni lengelenge, mama," akasema. "Bado bichi. Halijapasuka."

"Wenzako wanakungoja."

"Njia ya porini naijua." Akatoka akawaambia watangulie. Shija akasema, kwa sauti ya chini sasa, "Tutakutazamia mizinga yako." Na waliitazama kweli.

Luhende akanipeleka zahanati kwa baiskeli ileile, nikiwa nimekaa kiti kilekile cha nyuma, ila safari hii tuliongea. Aliniuliza kama nyumbani kwetu zamani tulikuwa na mizinga. Nikamweleza yote ya baba yangu. Wakanifunga vizuri, nikaambiwa viatu vipya vivaliwe kidogo kidogo, na yeye alfajiri ya pili akawafuata wenzake. Waliporudi na asali, kisigino kilikuwa kimeshapona, ngozi safi. Mguu ninao mpaka leo naandika.

Nyamizi aliposikia alikuja mbio kudai mbuzi wake tena. Mara hii Luhende akamleta kweli, tukamla, na jogoo yule yeye tulimla Krismasi kwa uzee. Sasa yupo mwingine, mwekundu, mkorofi. Mambo yetu yote bado tunayapitisha kwake, heshima ni heshima. Asali inayopelekwa sokoni, mvua, bei ya tumbaku, wajukuu, yote ni "jogoo, mwambie mama." Miguu tu ndiyo haina jogoo. Ya miguu ananiuliza mwenyewe, na mimi namjibu mwenyewe.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Consolata, kama nimekosea mguu wako ni upi, nitumie salamu nirekebishe. Upendo, kama maneno ya benchini hukuyasema hivyo, niambie ulivyoyasema. Na yeyote aliyekuwepo akaona nimekosea jina la mtu au nimemsahau, aje kwangu tusawazishe. Ila akifika uzioni asianze na jogoo. Aniite mimi.